Daftari la Oda

Mwaka wa kumi na tisa huu
nasimama mashine ya tatu, kiwanda cha kamba, njia ya Pongwe.
Singa za katani zinaingia kama nywele za bibi kizee,
zinatoka kamba.
Nakohoa vumbi jeupe. Nalipwa kwa mita.

Kaka yangu Semhando alikuwa mlinzi wa bohari.
Alipigwa nondo ya kichwa kwa ajili ya pampu ya maji,
pampu yenyewe mbovu, ikingoja fundi tangu mfungo.
Aliyempiga ana jina. Nalijua, ila silitaji
nikiwa na chakula mdomoni.

Siku ya hukumu, Mahakama Kuu, feni ikilia kwiyo, kwiyo,
jaji alisoma kurasa arobaini
kwa sauti ya mtu anayehesabu magunia.
Mwisho akavua miwani: kunyongwa hadi kufa.
Mjomba Mhina akanifinya mkono. "Umesikia? Haki hiyo."
Nilisikia.
Nilisikia na neno ambalo jaji hakulitamka,
kwa kuwa ndilo kazi yangu.

Tangu hapo mikono inauliza.
Hii nene ya meli, hii ya ng'ombe, hii ya kisima,
hii ya kufungia magodoro juu ya basi la Lushoto.
Na ile? Anaisokota nani,
naye analipwa kwa mita?

Nikamwomba karani Mbelwa anifungulie daftari la oda.
"Unatafuta mchumba humo?"
Ukurasa wa Machi, kalamu ya bluu:
Magereza. Mita mia mbili. Unene wa kidole gumba.
Matumizi: pameachwa wazi.
"Labda ya kuanikia nguo," akasema. Hakucheka tena.
Machi zamu ilikuwa yangu.

Nyumbani Makorora hatumalizi.
Mjomba: "Aliyeua auawe. Kitabu kimesema."
Shangazi: "Hakikuishia hapo, Mhina. Aya ile ile,
mwenye kusamehe naye katajwa."
"Asamehe nani? Marehemu? Nenda kamuulize!"
Mtoto wa Semhando, miaka tisa, akauliza
kama siku hiyo yule mtu atavaa viatu.
Shangazi akapakua wali.

Wanasema siku hizi hawanyongi.
Hukumu ipo, kamba ipo, sahihi haipo.
Basi anaamka kila alfajiri akisikiliza funguo.
Mjomba anaona tumedhulumiwa.
Mimi, kuna usiku nafurahi kwamba anasikiliza funguo.
Sijipambi. Nafurahi, kisha nalala vibaya.

Mama yake, Bi Mishi, hununua mkate duka letu,
barabara ya kumi na mbili.
Jioni moja mwenye duka hakuwa na chenji.
Akatoa noti moja ya elfu mbili: "Gawaneni."
Tukasimama.
Akasema, ibaki kwako. Nikasema, ibaki kwako.
Hakuna aliyeigusa.
Niliona kucha zake: kazikata mpaka kwenye nyama.

Walikuja wanachuo na karatasi.
Unaunga mkono adhabu ya kifo? Ndiyo. Hapana. Weka alama.
Nikawaambia: Jumatatu, ndiyo.
Jumatano, nikimwona mtoto anaburuza makubadhi ya baba yake,
ndiyo mara mbili.
Alhamisi, nikiishika ncha kabla haijakatwa,
bado ina joto kama kitu kilichotoka kwapani,
Alhamisi msinihesabu.
Yule binti akatazama karatasi yake.
Hapakuwa na Alhamisi.

Leo imeingia oda nyingine. Mita sitini.
Sikumuuliza Mbelwa ni ya nani.
Nimesokota, nimesokota,
na ilipofika hamsini na tisa nikazima mashine.
Msimamizi akaja mbio.
Nikasingizia mafuta.