Kalunde Anasema Ninakaba

Miaka ishirini na sita nimekaza boliti za reli,
Tabora hadi Urambo, Tabora hadi Malongwe,
spana ndefu kama mguu wa ndama,
na sheria yetu ilikuwa moja: ikikataa, ongeza.
Boliti haina shukrani. Ilegezee jioni,
alfajiri mabehewa yamelala kwenye majani.

Kwa hiyo msinicheke
nilipoketi Kanyenye, nyuma ya kibanda cha simu,
na gitaa la kuazima lenye ufa ubavuni,
nikaushika uzi wa pili kwenye chuma cha tatu
kama niliyemnasa mwizi wa kuku.

Kalunde hakuinua macho. Alikuwa na simu ya mtu
imefumuliwa mezani, skrubu ndogo kama mbegu za mchicha
zimenata kwenye utepe wa gundi.
"Unakaba," akasema.
Nikapunguza.
"Bado unakaba. Huo uzi umekukosea nini?"

Ana miaka ishirini na miwili. Baba yake
nilibeba naye mataruma, yeye mbele, mimi nyuma,
tukihesabu hatua kwa sauti ili tusiangushiane.
Leo binti yake ananihesabia:

Gusa tu. Usibonyeze.
Uzi ukatoa *tik*, kijiti kikavu.
Shuka kidogo.
Ukakwaruza, nyuki ndani ya chupa.
Shuka tena, unywele mmoja.
Ukalia.
"Hapo. Hapo ndipo sakafu.
Chini ya hapo unachimba bure.
Tena ukizidi kukaza, sauti haikui, inapinda,
inapanda juu ya kweli yake
kama mtu anayeapa sana."

Nilielewa. Yaani kichwa kilielewa.
Vidole havikuhudhuria darasa.

Usiku, Ng'ambo, kizingitini kwangu,
nilikaza mpaka ncha za vidole zikachimbika mifereji
na kidole gumba kikawaka moto nyuma ya shingo ya gitaa.
Mwashi akitoa makaa nje aliniuliza
hilo gubeti linanilipa shilingi ngapi.

Nikaanza kukumbuka nilivyoshika vitu vingine.
Kitasa. Kikombe. Kalamu ya kusaini mafao, ilitoboa karatasi.
Mkono wa Mihayo, ana miaka saba, tukivuka njia za stesheni:
alama za vidole vyangu zilikaa kwenye ngozi yake
hadi saa ya kuoga.
Hakulia.
Sasa yuko Mpanda, hupiga simu sikukuu kwa sikukuu.
Sisemi hiyo ndiyo sababu.
Nasema tu alama niliziona.

Machi, mvua juu ya bati, malaria ikaniangusha.
Siku ya nne homa ilishuka ikaniacha kama gunia
lililokung'utwa karanga.
Hata kijiko nilikishika kwa mikono miwili.
Gitaa lilikuwa pale kitandani, nikalivuta kifuani
kwa kukosa la kufanya.
Kidole kikaanguka juu ya uzi. Kilianguka tu,
hakikuwa na nguvu ya kitu kingine.

Na uzi ukalia.
Safi. Mduara mzima.
Ukazunguka chumba, ukapita kwenye chandarua,
na Mwashi jikoni akaacha kukoroga.

Nikahamia uzi wa tatu, wa nne,
vidole vikitembea kama inzi juu ya maziwa,
jasho likikauka shingoni,
na nikafikiri, basi ni hiki,
kumbe ni kidogo hivi,
na miaka yote ile.

Halafu nikala. Ugali, mlenda, kuku wa shemeji.
Nguvu zikarudi,
na ukabaji ukarudi nazo, umeshiba.

Jumamosi nikaenda Kanyenye, nikakaa kwenye ndoo yangu,
nikausimulia ule usiku wote, chumba, chandarua, mwiko uliosimama.
"Haya, piga," akasema Kalunde.
Nikapiga.

Hakuinua macho.
Alipuliza vumbi kwenye tundu la chaji,
akachukua skrubu moja kwa ncha ya kucha.
"Nasikia umepona," akasema.