Jiwe la Breki

Gari la baba halipendi haraka,
nasi tumeshapita umri wa kuligombeza.
Beryl kashika usukani kwa mikono miwili
kama aliyebeba bakuli la supu;
mimi nimefunua ramani mapajani,
ya karatasi, imechanika penye mikunjo,
na pembeni penseli ya baba inasema:
Hapa chai ni maji ya kuoshea vikombe.
Hapa kondoo wana kiburi.

Ni kweli. Katika njia nyembamba ya Yorkshire
watano walilala juu ya lami yenye joto,
wakatutazama, wakaendelea kucheua.
Tukazima injini. Tukamenya mayai.
Trekta likaja nyuma yetu; dereva hakupiga honi,
alivua kofia, naye akatoa mkate wake.

Siku ya tatu, abasia.
Kuta tu, na madirisha yasiyo na vioo
yanayopitisha kunguru na mawingu bila kubagua.
Mfalme mmoja aliitamani risasi ya paa,
akaibandua, akaiyeyusha; mvua ikaingia kusali.
Kisha wakulima wakaja na mikokoteni,
na hadi leo zizi la nguruwe la kina Outhwaite
lina malaika juu ya mlango.

Baba naye, ana miaka tisa,
alitoka humu na jiwe ndani ya fulana.
Tangu apate gari lilizuia gurudumu
kila tuliposimama kilimani,
maana breki ya mkono ilikuwa, na ingali, pambo.
"Lirudisheni," alisema hospitalini,
kama mtu aliyeazima ngazi.

Tukazunguka nalo kuta saa nzima.
Kila tundu lina mwenyewe:
kuvumwani, konokono, kiota.
Mlinzi akauliza tumepoteza nini.
"Hatujapoteza," akajibu Beryl, mkono mgongoni,
mwizi wa sukari wa miaka sitini na minane.

Mvua ikaanza. Tukanywa chai
(baba hakuisingizia),
tukabishana kidogo juu ya njia ya Whitby,
tukaondoka.

Maili kumi na mbili mbele, mteremkoni,
Beryl akasimamisha gari, akanyoosha kiganja
bila kunitazama:
"Jiwe."

Nikainama chini ya kiti.
Nikayaona maegesho yale, changarawe mbichi,
na mkono wangu ukilisukuma chini ya gurudumu
kabla ya chai, kwa mazoea.

Hatukusema kitu.
Gari likaanza kuteremka lenyewe,
polepole.