Mwafu wa Kaa Chonjo

Si asumini, nawaambia wapitao.
Asumini ina wenyewe, ina arusi zake,
hutungwa kwa uzi, hupimwa kwa bei.
Huu ni mwafu,
wa kichakani, majani matatu matatu.
Niliukata Mtongwe, uani kwa marehemu shangazi,
asubuhi ile waliyoleta tingatinga,
nikavuka nao feri ndani ya soksi iliyoloa
kama niliyeiba kifaranga.

Ardhi ya hapa ni jiwe
lililojitanda udongo wa kuazima.
Nilichimba kwa mtaimbo siku mbili
nikapata shimo la kadiri ya sufuria.
Maji ya kisima yana chumvi, yangeuchoma.
Ukanywa ya kuoshea mchele,
na Ijumaa, tone mbili tatu
za dumu la Karisa wa mkokoteni.

Mwaka mzima, hata tumba.
Mwenye nyumba: "Ng'oa gugu hilo,
litanipasulia ukuta."
Ukuta wako, nikamjibu, ulipasuka mimi sijahamia.

Nikaufungia waya, toka bombani hadi dirishani kwangu,
nikauonyesha njia kwa kidole
kama mwalimu na alifu.
Waya wangu haukuutaka.
Ulipapasa usiku, ukapinda,
ukashika nondo za Mwanamize
ambaye hatusemezani
tangu ile kesi ya mita ya maji.

Masika yakaingia.
Kwangu: shina, mchwa, majani makavu ya kufagia.
Kwake: maafu meupe, yakifunguka magharibi,
pazia lake lote likinukia.
Mimi hupata harufu
upepo ukipenda.

Juzi nikasikia mkasi.
Nikatoka na ufagio,
na maneno ya miaka miwili
yamenijaa kinywani, yamepangwa, yana makali.
Alikuwa juu ya kigoda.
Anakata yaliyokauka tu,
moja, moja,
anayatia kwenye kikombe kisicho mkono.

Hakugeuka.
"Unakunywa maji gani?"
Nikadhani ananisema mimi, ananirudisha kwenye mita.
Ufagio ukapanda kidogo.
"Mwafu," akasema.

"Ya mchele."

"Aa."

Leo alfajiri, mlangoni kwangu, kopo la maziwa
limejaa maji meupe,
na punje nne chini, ndefu, nyembamba:
basmati.
Wangu ni ule wa kupimiwa kwa kibaba, una mawe.
Sijui mwafu utaonaje.
Nimeinama,
nimeyamimina shinani polepole,
na kopo nimelisuuza
nikalirudisha.