Mwamba Ngoma

Kaunti yetu ya Florida haina mlima.
Ukitaka kupanda, kuna daraja la barabara kuu,
na kuna jalala la manispaa, limeota majani,
ambalo Tharpe huliita, bila kucheka, "safu yetu."
Basi milima tunaishona wenyewe
katika karakana iliyokuwa ghala la machungwa;
siku za joto kuta bado zinanuka maganda.

Kwanza mifupa. Nondo za nusu inchi
tunazipinda gotini, si kwenye mashine,
maana mashine haijui kusitasita
na jiwe la kweli limesitasita mahali.
Cheche huruka, huingia soksini.
Kila kipande kina namba ya chaki:
arobaini na moja B, bega la kushoto la maporomoko;
arobaini na mbili, kidevu cha pango.
Kisha wavu, unafungwa kwa waya,
mafundo elfu tatu, elfu nne, nani anahesabu?
Vidole vya Odalys vinahesabu, usiku, amelala.

Halafu pampu inakohoa, zege linatemwa,
na hapo saa inaota meno.
Dakika tisini, Agosti labda sitini,
kati ya uji na jiwe.
Haendi mtu chooni. Redio inazimwa.
Mwiko, kisu cha siagi, brashi ya kusugulia farasi,
foili ya jikoni iliyofinyangwa ngumi:
tunalizeesha miaka milioni kumi
kabla ya chakula cha mchana.

Mchoro wa ofisini unataka jangwa,
matabaka yaliyolala, ufa kila futi nne.
Lakini aliyesema mwamba ngoma huvutia kwake
alituona sisi.
Tharpe, mwana wa mchimba makaa wa Kentucky,
hachongi tabaka bila kupitisha uzi mweusi katikati.
Nereida anavutia Utuado, kwao:
kila ufa wake una njia ya maji.
Msimamizi Lindqvist hupita na tochi.
"Hapa mvua haijanyesha tangu zama za mijusi wakubwa."
"Ndiyo, bwana," asema Nereida, analainisha,
na mgongo wa Lindqvist ukigeuka
kidole gumba kinaufungua mfereji tena.

Mimi nililelewa katika nyumba ya magurudumu,
sikuwa na jiwe la kuvutia.
Nachonga magoti ya bibi yangu,
mikunjo niliyoisoma nikiwa chini ya meza
wakati wakubwa wanagombana juu yake.
Hajagundua mtu.
Watalii watapiga picha hapo, wametabasamu.

Alhamisi lori lilikuja kuchukua arobaini na moja B.
Odalys akapiga yowe: simamisheni kreni.
Ndege mdogo wa kahawia, mkia juu, mkali kama karani,
alikuwa amejenga.
Si mbele, tulikomwagia jasho,
si kwenye rangi ya kutu tuliyoipaka kwa sifongo tabaka saba.
Nyuma. Kwenye nondo tupu na namba za chaki,
ambako mgeni hatafika kamwe,
alisuka majani na vipande vya waya wetu.
Mayai manne.

Lindqvist akaja na tochi yake.
Akamulika. Akazima.
Alikwenda nje, tukamsikia akiiambia simu
kwamba kreni imekufa, vipuri vinatoka mbali,
labda wiki nne, pole sana.
Kreni ilikuwa inanguruma nyuma yake.
Tharpe akaenda kuizima, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa mtoto.

Sasa lipo kule, bega la kushoto,
maji ya pampu yanashuka kwenye mfereji wa Nereida
kana kwamba ofisi iliuagiza.
Kiota tulikiacha ndani, kitupu.
Ukiwa kwenye foleni, jua limekuchosha,
gonga jiwe kwa kifundo cha kidole.
Litaitika wazi, kama ngoma.
Usimwambie mwanao.
Au mwambie; agonge naye.