Dodoso la Nzuguni

Swali la kwanza: umeona mabadiliko ya tabianchi?
Chagua moja: sana, kiasi, sijui.
Sechelela Ndahani hakunitazama.
Alikuwa akichambua zabibu, mbovu huku, nzima kule,
nzi wakihakiki.
"Andika kamba," akasema.
Kamba gani?
"Ya kisima. Nilianza na pima nane.
Mwaka juzi nikaunga chandarua kilichochanika,
mwaka huu nimeunga kanga ya msiba."

Kishikwambi hakina nafasi ya kanga.
Nikagusa: sana.

Swali la tisa: unaridhika na ushirikishwaji wa wananchi
katika mipango ya ardhi?
Akacheka, akanionyesha kwa kidevu
bikoni ya zege katikati ya mabua ya uwele,
kichwa chekundu, imesimama
kama mgeni asiyetaka kuketi.
"Huyo alikuja Jumanne. Hakubisha hodi.
Muulize yeye, labda alishirikishwa."

Upepo wa Agosti ukatujaza vumbi mdomoni.
Treni ya umeme ikapita kwa mbali,
haina moshi, haina habari na mtu.
Nikaruka maswali, Mungu anisamehe, nikafika la mwisho:
una maoni mengine?

"Nina swali. Wewe umepanga wapi?"
Kisasa, nikamjibu.
"Mnafungua bomba tu?"
Tunafungua.
"Na huko chini, kamba ni ya nani?"

Nikatafuta kisanduku.
Betri ilibaki asilimia sita.
Akanifungia zabibu kwenye gazeti la juzi,
zile za huku.