Mnong'onezi wa Chiatura

Mfalme ni Nugzar, fundi bomba.
Taji lake limekatwa kwenye debe la mafuta ya alizeti;
ukichungulia kwa ndani, ua la njano halijafutika.

Zaira kashona majoho: mapazia ya hospitali, yangali yananuka dawa.
Otia ana taa tatu. Moja kaing'oa garini mwake.

Mimi nimo shimoni, chini ya viatu vyao,
na daftari, na kikohozi ninachokimeza tangu Jumanne.

Usiku wa kwanza mfalme akasahau kufa.
"Anguka," nikanong'ona.
Akainama: "Eti?"
"Anguka, Nugzar!"

Ukumbi mzima ukasikia.
Akaanguka, mtiifu.
Taji likabingirika hadi kwangu;
nikalivaa humo gizani
mpaka pazia likafungwa.