Saa Mbili na Nusu

Valdivia, mwezi wa saba. Mvua siku ya kumi na moja.
Jiko la kuni linakoroma kama shangazi aliyeshiba,
na mimi, Nolfa Barría, miaka arobaini na minne,
najifunza upya kufunga kifungo.

Ulianzia nyayoni. Ganzi tu,
nikalaumu viatu.
Ijumaa ulikuwa magotini.
Jumatatu ulinikuta kifuani, mashine ikanipumulia.
Mishipa, alisema daktari, imevuliwa koti,
italishona yenyewe, ila kwa kasi yake.
Kwa kasi yake. Mwezi wa tisa huu.
Mikono iliyokanda kilo arobaini za unga kabla ya alfajiri
leo inainua kijiko, kisha inaomba likizo.

Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga.
Uji haulizwi, kweli.
Huulizwa bili.

Basi nikatafuta kazi ya kufanyia hapa mezani,
kati ya dawa na kikapu cha mkate.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
nimeinama, jamani,
kuinuka ndiyo taabu.

Wa kwanza alitaka peso elfu thelathini za usajili.
Wa pili alinipenda mno, "Hongera, umechaguliwa!",
wala sikuwa nimeomba kitu.
Wa tatu alitaka kitambulisho mbele na nyuma
na nambari ya siri ya benki,
"ili mshahara usipotee njia."
Dada yangu Ercira, aliyewahi kuliwa akiba yote hivyohivyo,
alisimama nyuma yangu na sufuria ya viazi:
"Kazi hulipa, hailipwi. Funga hiyo."
Nikafunga. Nilifunga kumi na tisa.
Ya ishirini ilikuwa halali,
ila walitaka saa tisa kwa siku na mtu "mwenye nguvu tele."
Hiyo niliifunga polepole.

Kisha simu, sauti ya mtu mzima mwenye mafua:
Ida Oyarzo, kutoka Osorno.
Ana ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la mbolea,
huandika maneno chini ya video za masomo
kwa watoto wasiosikia.
Alituma mkataba kabla ya kazi.
Ercira aliubeba hadi ofisi ya kazi chini ya mwavuli,
akarudi ameloa, mkataba mkavu:
"Yupo. Anajulikana. Analipa kodi."
Hata jaribio la dakika kumi lililipwa.

Lakini kilichonitoa machozi ni swali.
Wote waliuliza naweza kuanza lini.
Yeye aliuliza, "Unaweza saa ngapi?"
Nikataka kusema nane. Ulimi ulishafika kwenye nane.
Nikatazama vidole vyangu, vile viwili vya mwisho
ambavyo bado havijarudi nyumbani.
"Mbili," nikasema. "Na nusu, jua likiwaka."
Akacheka. "Huku kusini? Basi ni mbili."
Akaandika mbili na nusu.

Ninachapa kwa vidole vitano, sita siku njema.
Somo la sehemu: robo tatu ya keki ni nini.
Somo la volkano.
Na si maneno tu, alinifundisha Ida,
kila kinachosikika lazima kionekane:
*mwalimu anakohoa. kiti kinaburuzwa. mtoto anacheka mbali.*
Sikujua dunia ina kelele nyingi hivyo.
Hospitalini nilisikia mlio mmoja wiki tatu.

Mshahara wa kwanza umenunua kuni kavu, si nyingi,
na mfuko wa unga, ambao sijaufungua.
Upo pale, kona. Tunatazamana.

Leo, dakika ya saba ya somo la mito,
mwalimu amenyamaza ubaoni, nami nikaandika
*mvua inanyesha.*
Kisha nikasimamisha, nikavua vifaa vya masikioni,
nikavaa tena,
sina hakika
ni yake au ni yangu.